Kilichozikwa Chini ya Kihenge

Nilimsikia daktari vizuri kabisa, ila nilimwambia arudie.

"Saratani ya tezi dume imerudi, mama Ignasi," akasema tena Daktari Valeria, safari hii polepole, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio yangu.

"Imerudi wapi?" nikamuuliza. "Tezi yenyewe haipo! Ilitolewa yote, hapahapa Sumbawanga, na kidonda nilikiosha mimi kwa mikono yangu. Mtu anauguaje kitu ambacho hana?"

Mume wangu Fabiani alikuwa amekaa pembeni yangu, kofia magotini, macho dirishani. Nje upepo wa Juni ulikuwa unavurumisha vumbi na mifuko ya plastiki, na wagonjwa waliokuwa foleni wamejifunika mablanketi. Hakusema neno. Mimi nauza dagaa wa Kipili sokoni, sauti yangu inajulikana mpaka stendi, na miaka yote ya ndoa yetu yeye ameniachia niongee kwa niaba ya wote wawili. Kwa hiyo ukimya wake sikuutilia maanani.

Daktari akageuza kompyuta tuione. Ilikuwa picha aliyopigwa Fabiani kule Dar, baada ya kipimo cha damu kuonyesha namba ambayo mwanamume aliyetolewa tezi hatakiwi kuwa nayo. Mwili wa mume wangu ulionekana kivuli cha kijivu. Figo na kibofu vilikuwa vinang'aa, daktari akatuambia tusiviogope, hivyo hung'aa kwa kila mtu. Kisha akaweka kalamu chini ya kitovu, upande wa kulia. Palikuwa na vidoa viwili.

"Kabla tezi haijatolewa, chembe chache zilikuwa zimeshatoka," akasema. "Zimekaa kwenye tezi ndogo za limfu. Mnajua mitoki inayovimba kinenani mtu akiwa na kidonda mguuni? Hizi ni ndugu zake, ila ziko ndani kabisa, karibu na mshipa mkubwa wa damu."

Miaka yote hiyo tumelima, tumevuna, tumemwoza binti yetu, tumecheka mpaka majirani wakauliza kuna nini, kumbe wale wawili wamejikalia humo ndani wanatusikiliza. Nilitaka kuipiga ile kompyuta.

"Inatibika?" nikauliza.

"Ziko mbili tu, na hatuoni mahali pengine. Dar yupo daktari wa upasuaji anayezifuata moja moja na kuzitoa. Siwaahidi kwamba itakuwa mwisho. Lakini nafasi ipo, na ni sasa." Akamwangalia Fabiani. "Kuna kitu kinanisumbua. Ile tezi ilipotolewa ilitakiwa ipimwe Mbeya, tujue kama ugonjwa ulikuwa umeshavuka nje. Majibu yake yalisemaje?"

"Yalisema safi," nikajibu mimi. "Shemeji yangu Romani ndiye aliyepanda basi na kopo lenye ile tezi. Alirudi akasema hawajaona kitu kibaya."

"Mbeya nimewapigia, mama. Hawakuwahi kuipokea."

Fabiani akavaa kofia yake. "Twende nyumbani," akasema.

Sikwenda nyumbani. Palepale nje, chini ya ukuta unaokinga upepo, nilimpigia Romani simu na kuiweka sauti ya juu ili na mume wangu asikie. Romani ndiye kaka yake mkubwa, mkulima wa mahindi na ulezi nje kidogo ya Laela, mtu ambaye ukimwuliza habari za asubuhi anafikiri kwanza ndipo akujibu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mama Ignasi. Mmeamkaje huko mjini?"

"Lile kopo la Mbeya, shemeji, ulimkabidhi nani?"

Nikasikia kuku, nikasikia mtu anatwanga.

"Kopo gani?"

"Shemeji!"

Akakohoa. "Sikufika Mbeya," akasema. "Nilishukia hapa Laela. Niliizika."

"Ulizika nini?"

"Ile nyama ya mdogo wangu. Niliizika hapa nyumbani."

Sijui nilisema nini baada ya hapo. Najua watu wa foleni waligeuka wote, na mama mmoja akanishika bega akidhani nimepewa habari ya msiba. Na mimi niliona ni msiba. Niliona kopo lile na mfuniko wake mwekundu, nililolifunga mwenyewe ndani ya mfuko mweusi na kitenge juu, nikampa Romani mkononi stendi, nikamwambia asilale njiani. Akalishusha Laela na kulifukia kama mbegu ya mahindi! Kisha akaja kwangu, akanywa chai yangu, akaniambia safi.

"Umesikia?" nilimgeukia Fabiani. "Umemsikia kaka yako?"

"Mwache kaka, Avelina. Yameshapita."

"Yamepita wapi, wakati yamo tumboni mwako?"

Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani, mikono nyuma, na nilipomwambia kesho naenda Laela alisema nisiende. Alisema mara mbili, jambo ambalo si kawaida yake. Mimi nikamwona mpole kupita kiasi, na upole wake ukanitia hasira zaidi.

Kwetu mwanamke akimkuta shemeji mkubwa huchuchumaa, akapiga makofi taratibu, ndipo akasalimia. Nimefanya hivyo kwa Romani tangu naolewa, hata shambani, hata kwenye matope. Asubuhi ile niliingia uani kwake nikasimama wima. Mke wake, Bertilla, alikuwa anapepeta ulezi. Aliponiona nimesimama namna ile, ungo ulimtulia mikononi.

"Nionyeshe," nikamwambia Romani.

Alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kihenge cha ulezi. Chini ya sakafu yake, kati ya nguzo zinazokibeba, palikuwa na jiwe bapa. Nilitegemea kukuta magugu. Pale palikuwa pamefagiwa, na punje chache za ulezi zilikuwa juu ya jiwe, za mavuno haya haya, bado nyekundu.

"Kitovu chake kimezikwa pale," Romani akasema, akionyesha chini ya ukuta wa nyumba, "na changu pembeni yake. Mama yetu ndiye aliyevizika. Kipande cha mtu, mama Ignasi, hakitembezwi kwenye basi kikakatwekatwe na watu wasiojua hata jina la baba yake. Niliona kirudi kilikotoka. Sikukitupa."

"Na majibu? Hiyo safi ulinipa kutoka wapi?"

Akatazama jiwe.

"Baba Christopha," Bertilla akasema kutoka nyuma yetu, sauti chini, "mwambie basi."

Romani akainua kiganja bila kugeuka, na mke wake akanyamaza. "Kosa ni langu," akasema. "Mimi ndiye niliyeizika. Nigombe mimi."

Nilimgomba. Jamani, nilimgomba! Nilimwambia kama ile nyama ingefika Mbeya daktari angejua mapema, Fabiani angechomwa mionzi wakati ule ule, angepimwa damu kila mara, na hivyo vidoa visingekaa vikanenepa. Daktari Valeria alikuwa ameniambia mlangoni kwamba pengine ugonjwa ungerudi hata hivyo, lakini hilo sikulisema. Nilimwambia amemzika mdogo wake akiwa hai, na jembe ni la kwake. Mzee mzima, na mvi zake, alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno. Kuitikia kwake kuliniudhi kuliko kama angenitukana.

Niliapa hataikanyaga Dar na sisi. Siku ya kuondoka ilipofika, Fabiani alikaa kitandani na viatu mkononi.

"Bila kaka sipandi basi," akasema.

"Baba Ignasi, dawa imeagizwa kwa jina lako. Tukichelewa inaharibika!"

"Basi mwite kaka."

Ningefanya nini? Basi liliposimama Laela, Romani akapanda na blanketi begani na mahindi ya kuchoma ndani ya kitambaa, bado ya moto. Fabiani alikula. Mimi nilikuwa na njaa iliyonikata tumbo tangu alfajiri, na sikuyagusa.

Daktari wa Dar, Loth, alikuwa kijana kuliko nilivyotaka. Alitukalisha watatu akatueleza. Fabiani angechomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, dawa inayozunguka mwilini na kuganda pale penye saratani ya tezi dume, hata kama imehamia pengine. Kesho yake asubuhi angepasuliwa. Daktari angeshika kifaa kama kalamu nene, akipitishe ndani polepole, na kila kinapokaribia ile dawa kingelia.

"Hizi tezi za limfu ni ndogo, zimezungukwa na mafuta na mishipa," akasema. "Kwa macho na vidole naweza kuipita nisiione. Kifaa hakiipiti kirahisi. Lakini dawa nguvu yake inaisha upesi. Ikishadungwa, kesho ni kesho."

"Na zikitoka?" Fabiani akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu Sumbawanga.

"Zinapimwa maabara. Majibu ndiyo yatatuambia tuishie hapo au tuongeze tiba nyingine. Bila majibu tunakwenda gizani, mzee."

Fabiani akamtazama Romani. Romani akatazama viatu vyake. Mimi nikajisemea moyoni, aibu imemshika, na imshike sawasawa.

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi la nje ya chumba, mimi mwisho huku, Romani mwisho kule, na watu wasiotujua katikati. Joto la Dar lilikuwa limemlegeza, lakini koti lake la Ufipa hakulivua. Nilisali rozari nikaivuruga, nikaanza upya, nikaivuruga tena. Kila mlango ulipofunguka niliinuka, kisha nikakaa tena.

Mwisho akatoka nesi, kwenye kifua ameandikwa Sharon, na kopo mkononi.

"Ndugu wa Fabiani?"

Tukasimama wote wawili.

"Anaendelea vizuri, wanamshona. Zimetoka tatu."

"Tatu?" nikasema. "Picha ilionyesha mbili!"

"Ndiyo, mama. Daktari alipomaliza zile mbili akapitisha kifaa tena, kikalia mahali ambapo picha haikuonyesha kitu. Akaufuata mlio, akaikuta. Ndogo, kama punje ya maharage. Akaitoa akaipima nje, ikalia vilevile."

Nilishika ukuta. Ya tatu! Ilikuwa imejificha hata kwa mashine inayoona mifupa, na isingelia ingerudi naye Sumbawanga, tungeshangilia kwenye basi huku imekaa naye kiti kimoja.

"Sasa naomba mmoja wenu awahishe hili maabara," Sharon akasema, "jengo lile la pili, dirisha la kwanza."

Romani alikuwa ameshafika, mikono yote miwili mbele, viganja wazi, jinsi mtu wa kwetu anavyopokea kitu cha heshima. Nikamwona stendi ya Sumbawanga upya. Nikaliona jiwe.

"Wewe kaa!" nikasema, na sauti yangu ya sokoni ikajaa ukumbi mzima. "Nesi, usimpe huyu. Huyu anazika!"

Benchi zima likageuka. Mtu mmoja akacheka, kisha akaona uso wa mzee akaacha. Romani akarudi akakaa, taratibu, na mikono yake ikabaki wazi juu ya magoti, kana kwamba ameisahau.

Nililibeba lile kopo kwa mikono miwili. Lilikuwa jepesi, na nilitembea nalo kama mtu aliyebeba maji ya kujaa. Pale dirishani kijana mwenye glavu alilipokea, akasoma jina, akaligeuza huku na huku, akaliweka kwenye trei pamoja na mengine. Nilitakiwa kuondoka. Miguu ilikataa. Kilichokuwa mle ndani ni mume wangu, na kijana yule hakumjua baba yake wala kijiji chake.

"Mkimaliza kupima," nikamuuliza, "mnavipeleka wapi?"

"Vinachomwa, mama."

Niliganda. Nusura nimwambie anirudishie. Kwa mara ya kwanza nilimwelewa Romani, kidogo tu, na sikufurahi kumwelewa, kwa hiyo nikageuka nikaondoka haraka.

Walituruhusu kuingia Fabiani alipoanza kuzinduka. Alikuwa amelala chali, midomo imekauka, mpira wa dripu mkononi, kope zinafunguka na kujifunga. Alionekana mdogo kuliko kitanda. Nilisimama upande mmoja, Romani upande mwingine, na Sharon akawa anampima presha.

"Kaka," Fabiani akasema. Alisema kwa Kifipa, lugha ambayo mle wodini tuliijua sisi watatu tu.

"Nipo."

"Umeizika?"

Nikadhani ni dawa ya usingizi inamchezea, nikatoa kitambaa nimpanguse jasho.

"Izike palepale, na ile nyingine," Fabiani akaendelea, macho yamefumba, ulimi mzito. "Wasiipime, kaka. Sitaki kujua. Mwambie Avelina ni safi, kama siku ile. Asijue kama nimekutuma mimi."

Kitambaa kilinidondoka.

"Anasemaje?" Sharon akauliza.

Nilimtazama Romani ng'ambo ya kitanda, na yeye akatazama sakafu, kama alivyotazama jiwe, kama alivyotazama viatu vyake kwa daktari. Yakanijia yote kwa pamoja: kofia iliyovaliwa haraka, mwache kaka, usiende Laela, bila kaka sipandi basi, Bertilla na ungo wake. Nikashika chuma cha kitanda. Mwanamume niliyelala naye miaka yote hii! Aliogopa majibu kuliko alivyoogopa ugonjwa, akamtuma kaka yake ayafukie, kisha akakaa kimya kunisikiliza nikimwita kaka yake mwuaji.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza Romani.

"Aliniomba." Alisema kwa shida. "Alilia, mama Ignasi. Kule wodini, ulipokwenda kununua maji, kabla hujanisindikiza stendi. Tangu mama yetu afe sikuwahi kumwona akilia. Alisema kama ni mbaya bora asijue, alime mpaka siku ifike. Nikamwambia sawa, nikamwambia ukiulizwa nitabeba mimi. Mimi ndiye mkubwa."

"Na mimi nilivyokusema nyumbani kwako? Na pale kwenye benchi, mbele za watu?"

"Nilikuwa nimeshakubali kubeba," akasema.

Nilikuwa na hasira, msinielewe vibaya. Mpaka leo ninayo. Lakini haikuwa na pa kwenda. Mmoja alikuwa amelala na mshono mbichi, na mwingine alikuwa ameshaimeza yote asiyostahili. Nilimwinamia mume wangu, nikamwekea mdomo sikioni, nikamwambia kwa Kifipa ili asijidanganye kwamba hajaelewa.

"Baba Ignasi. Haikuzikwa. Zimetoka tatu, na nimezipeleka maabara mwenyewe. Majibu yakija tutayasikia wote watatu."

Macho yake yakafunguka. Yalinitafuta, yakanipata, na nikaona yanaelewa.

"Umejua?" akasema.

"Nimejua. Wewe nitakugomba ukiweza kukaa."

Chozi lilimtoka likaingia sikioni. Nikampangusa kwa kiganja, kwa kuwa kitambaa kilikuwa sakafuni.

Kisha nikazunguka kitanda. Sharon alinipisha akidhani nakwenda kwenye dripu. Nilipofika mbele ya Romani nikachuchumaa, pale pale kwenye sakafu ya hospitali inayonuka dawa, nikapiga makofi taratibu, moja baada ya jingine, kama siku ya kwanza nilipoingizwa kwao.

"Shikamoo, shemeji."

Alichelewa kuitikia. Alifikiri kwanza, kama kawaida yake, na alipofungua mdomo sauti haikutoka, ikabidi aanze upya.